Hodi Kwenye Dirisha Jeusi

Pale dukani kwa dobi wateja walimwita Mama Pasi, na sifa yake ilitangulia hata pasi yenyewe: hakuwahi kupoteza kitu cha mtu kilichosahauliwa mfukoni. Kabla nguo haijaingia majini, alipitisha vidole kwenye kila mfuko. Alichokikuta, kiwe ufunguo, kiwe karatasi iliyokunjwa na kukunjwa tena, kiwe pete iliyovuliwa kwa sababu anazozijua mvuaji, alikitia kwenye bakuli la bati, na mwenyewe alipokuja alikabidhiwa bila swali. Karatasi hakuzikunjua hata siku moja.

"Mfuko wa mtu ni kifua chake," aliwaambia wasichana wapya. "Sisi kazi yetu doa, si habari."

Yashikeni maneno hayo, wazazi wenzangu, kwa sababu yatarudi kumpiga usoni aliyeyasema.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, na majirani walimwita Chiriku tangu anaota meno, kwa jinsi mdomo wake usivyopoa. Alisema akila, akasema akisukwa, akasema hata na chungu kilicho jikoni. Mama yake alilalamika kwa mdomo tu, lakini moyoni alilala kwa sauti ile kama mtu anavyolala kwa mvua. Halafu Chiriku akakua, akasoma mambo ya kompyuta, akapata kazi kwenye kampuni moja, kazi ya kuangalia mashine zilizo mbali bila kuondoka kwenye kiti. Walimwambia kwanza yuko kwenye majaribio. Akifaa, ataajiriwa.

Hapo chiriku akanyamaza.

Alikaa kwenye meza ya chakula na kompyuta ya kazini, na kwenye kioo hapakuwa na picha wala rangi, ila dirisha jeusi tupu lenye maandishi meupe yanayoshuka kama mchele unaopepetwa. Midomo ilimchezacheza. Mama akiuliza, "Kuna nini, mwanangu?" anajibiwa, "Kazi, mama." Maneno mawili, kutoka kwa mtu aliyekuwa hawezi kusalimia bila hadithi.

Mama Pasi alilipeleka jambo hilo dukani, na kulipeleka dukani maana yake ni kumpelekea mwenzake wa meza ya kupigia pasi, mama mmoja ambaye wote walimwita Redio.

"Dirisha jeusi?" Redio alisema. "Halina picha?"

"Halina."

"Basi hapo pana kitu. Mtu asiye na la kuficha anatazama rangi kama sisi wengine. Kimya kingi kina mshindo mkuu, shoga yangu."

"Nani kakuambia mambo ya kompyuta wewe?"

"Niambiwe na nani? Redio haiambiwi, Redio inatangaza!"

Walicheka wote, lakini Mama Pasi aliondoka na maneno hayo kichwani. Usiku ule alipanga lake. Elimu yake ilikuwa ya shule ya msingi, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisema kabla hajasemwa. Lakini herufi alizijua, na macho anayo. Asubuhi akamwambia binti yake, "Na mimi nifundishe hilo dirisha lako."

Chiriku aligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. "Kweli, mama?"

"Kwani mimi nimezeeka?"

Jinsi uso wa binti ulivyofunguka pale, ungekuwa mzazi ungelia. Alivuta kiti cha pili, akakipangusa kwa kiganja. Na ghafla sauti ile ya zamani ikarudi, inamwagika: kwamba mfumo huu unaitwa Linux, kwamba ni mfumo huria, walioutengeneza waliuacha wazi ili kila mwenye macho ausome jinsi ulivyoundwa ndani, hakuna kilichofungiwa. Kwamba mashine hii kwa sheria ya kazini haitakiwi kuguswa na mkono mwingine, "lakini wewe si mkono mwingine, mama, wewe ndiye uliyeufanya huu wangu." Kwamba hapa huonyeshi kitu kwa kidole, unaandika amri, unabonyeza Enta, nayo inatii.

"Fikiria ni nyumba," Chiriku alisema. "Folda ni vyumba. Ukitaka kuingia chumba unaandika cd na jina lake. Umeingia, unataka kuona kuna nini, unaandika ls. Unataka kusoma karatasi uliyoikuta, cat na jina lake."

"Naingia tu hivyohivyo? Chumba cha watu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilifundishwa kupiga hodi." Na kabla hajazuiwa, Mama Pasi akaandika kwa kidole kimoja, h, o, d, i, akabonyeza Enta.

Mashine ikajibu kwamba amri hiyo haiijui.

Chiriku alicheka mpaka akashika ubavu. "Haiitikii hodi, mama!"

"Basi haikulelewa. Kwetu hodi isipoitikiwa unarudi ulikotoka."

Ikawa mchezo wao. Kila walipokaa kujifunza, Mama Pasi alianza na hodi yake, mashine ikakana, wakacheka, ndipo kazi ikaanza. Akajifunza kuhamisha, kunakili, kutengeneza chumba kipya. Akajifunza kwamba mashine ikinyamaza baada ya amri, kimya hicho ni ndiyo. Akajifunza rm, na hapo Chiriku alimshika mkono. "Hii ndiyo ya kuogopa. Haina jalala la kuokotea. Ukifuta, kimekwenda. Wala haikuulizi una hakika." Akajifunza clear, inayosafisha kioo kikabaki cheusi kitupu, na hiyo aliipenda kuliko zote, maana dobi ni dobi.

Siku moja Chiriku akaandika ls -a, yakatokea majina ambayo hayakuwepo mwanzo, yote yanaanza na nukta.

"Haya yametoka wapi?"

"Yapo siku zote, yamejificha tu."

"Yajifiche kwa nini?"

"Mambo ya mashine yenyewe hayo, mama. Usiyajali."

Mama Pasi akaitikia. Lakini kichwani hakubaki na "mambo ya mashine". Alibaki na "yamejificha". Mzazi mwenye hofu humsikia mwanawe nusu, nusu nyingine anaijazia mwenyewe. Aliona binti anacheka naye siku hizi, anazungumza, kiti cha pili hakiondolewi tena mezani. Kile alichokililia alikuwa amekipata. Angekuwa na shibe, angeshukuru. Lakini hakuwa amejifunza ili ashibe. Alikuwa amejifunza ili apekue, na mtu aliyenoa kisu hutafuta cha kukata.

Jumamosi Chiriku aliingia kuoga, kompyuta ikabaki wazi mezani. Mama Pasi alisikia maji yakianza kumwagika. Akakaa, si kwenye kiti chake, kwenye kile cha mwenye mashine. Si amesema mwenyewe mfumo huu hauna kilichofungiwa? Ndivyo alivyojitetea. Mkono ukaandika hodi, kwa mazoea tu. Mashine ikakana. Hakuna aliyecheka. Akaandika ls -a.

Yakaja majina yenye nukta, mengi. Moja lilikuwa fupi, herufi tatu zisizotamkika. Akaingia. Akatazama. Akasoma karatasi ya kwanza kwa cat, na moyo ukampasuka: mistari na mistari ya herufi zisizo na maana, kubwa na ndogo zimechanganywa na tarakimu, kama barua waliyokubaliana watu wawili ili wa tatu asielewe. Juu yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza, na moja, PRIVATE, alilijua kwa kuwa lilibandikwa kwenye milango ya ofisi ambazo mtu wa kufua haingii. Maana yake: si kwa ajili yako.

Sasa wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kusimama. Hapo ungeweza kuinuka ukaenda kupanga vyombo. Ungeweza hata kumgongea mlango wa bafu ukauliza, "Hii nini, mwanangu?" ukajibiwa na ukabaki na aibu ndogo inayotoka kwa maji. Mama Pasi aliwaza barua za mafumbo, akamwaza mwanamume asiye na uso, akawaza Redio akitangaza. Udongo uwahi ungali maji, akajiambia. Akatoka chumba kile, akaandika rm na viambatisho vyake kama alivyofundishwa, na jina lile fupi. Enta.

Mashine ikanyamaza. Kimya ni ndiyo.

Akaandika clear. Kioo kikawa safi. Maji bafuni yalikuwa bado yanamwagika.

Jumatatu asubuhi alikuwa sebuleni anapiga pasi blauzi ya kazi ya binti yake, na Chiriku yuko mezani. Kwanza aliandika kwa kasi. Halafu polepole. Halafu akawa anaandika neno lilelile tena na tena.

"Inanikataa," alisema. "Mama, inanikataa mlangoni."

"Nani?"

"Mashine za kazini. Ufunguo wangu haupo." Akageuza kichwa. "Ni mistari ya herufi tu, nilikuwa nao kwenye folda. Ndio unaoniingiza kule, sina mwingine. Folda nzima haipo!"

Ufunguo. Mama Pasi alilisikia neno hilo likitua kwenye bakuli la bati. Mikono yake iliyorudisha funguo za watu wasiojulikana, wa kila rangi ya suruali, ilikuwa imeutupa wa mwanawe.

Angesema hapo. Lakini Chiriku alikuwa tayari anapiga simu kwa bosi wake, na ili mikono ibaki huru akaiweka simu mezani inasema kwa sauti.

"Kuna mtu mwingine ameigusa hiyo mashine?" bosi aliuliza. Sauti ya mwanamke asiyepoteza maneno.

Chiriku alimtazama mama yake. Hakumtazama kwa kumshuku. Alimtazama kama mtu anayemwomba mwenzake asikohoe. "Hapana, bosi. Mimi tu."

"Haijifuti yenyewe. Bonyeza mshale wa juu. Kila ulichoandika imekiweka. Nisomee unavyorudi nyuma."

Mama Pasi alisimama na pasi hewani. Imekiweka? Si alisafisha? Kioo si kilikuwa cheusi, kitupu?

Chiriku akabonyeza, akazipita amri zake za asubuhi ile. "Clear," alisoma. Akabonyeza tena. "Rm. Na jina la folda."

"Enhe. Juu yake?"

"Cd. Juu yake cat. Ufunguo wenyewe ulisomwa." Sauti ilikuwa inapungua. "Juu yake ls, cd, ls tena. Juu yake..."

Kidole kikabonyeza mara ya mwisho, kikabaki palepale. Kutoka alipokuwa, Mama Pasi aliliona neno hilo jeupe, fupi, peke yake kwenye weusi, kama jino.

hodi

"Juu yake nini?" bosi aliuliza.

"Hakuna kitu," alisema Chiriku. "Ndipo ilipoanzia."

"Na aliyeandika hayo ni nani?"

Ilikuwa nafasi ya pumzi moja tu, na Mama Pasi aliiacha ipite.

"Mimi," alisema Chiriku. "Nilikuwa nasafisha, bosi. Nikakosea."

"Umefuta ufunguo wako mwenyewe, ukiwa kwenye majaribio. Chukua hiyo mashine uje nayo."

Simu ikakatika. Mama Pasi akaiweka pasi chini, akaanza yote kwa pamoja: kwamba aliogopa, kwamba aliona kimya, kwamba Redio alisema, kwamba alidhani ni barua. Chiriku alikuwa anakunja waya, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko.

"Ulipiga hodi, mama," alisema. "Ukapiga hodi, hukuitikiwa, ukaingia."

"Nakwenda na wewe. Nitamwambia bosi wako ni mimi."

"Usiende."

"Nimekosa mimi, ubebe wewe?"

"Nikisema nimekosea, nimekosea tu. Ukisema ni wewe, nimevunja sheria ya kazi na nimesema uongo juu yake. Utanifukuzisha." Akavaa blauzi ikiwa bado ina joto. "Kaa tu. Na usimwambie Redio."

Basi ndivyo alivyokaa. Aliyenyamaza pale alipotakiwa kusema, sasa alitaka kusema na akatakiwa anyamaze. Dukani siku hiyo Redio alimuuliza, "Enhe, na dirisha jeusi, umegundua nini?" Akajibu, "Hamna." Redio akamtania kwamba pasi imemkausha ulimi. Mteja mmoja alikuja kuchukua hereni aliyoisahau kwenye mfuko wa shati, akamshukuru mbele ya watu wote, akawaambia wasichana, "Mwanamke mwaminifu huyu, igeni." Mama Pasi alikwenda nyuma kwenye kamba za nguo, akajifanya anaanua mashuka ambayo yalikuwa hayajakauka.

Chiriku alirudi jioni na mashine yake. Hawakumfukuza. Walimpa ufunguo mwingine, wakamwongezea muda wa majaribio, na mashine za maana wakampa mtu mwingine aziangalie. Aliyasema hayo yote kwa sentensi moja, akala, akaosha sahani yake. Hakupaza sauti siku ile wala siku zilizofuata. Salamu alitoa, pole ya kazi alitoa. Kiti cha pili kilirudi ukutani, na hakuna aliyemwona anayekirudisha.

Mkimtaka mtoto azungumze, wazazi wenzangu, mpeni sikio. Msimpe macho. Na kitu kilichojificha si lazima kiwe kibaya. Na moyo umejificha, nao ndio unaotuweka hai.

Mwisho wa wiki Mama Pasi alikusanya nguo za kufua za nyumbani, kama siku zote. Miaka yote Chiriku alitupa nguo kwenye tenga na vitu vyake humohumo, kalamu, vikaratasi, vipande vya peremende, kwa kuwa alijua vitamrudia mezani. Mama akavuta suruali ya kwanza, akapeleka vidole mfukoni kwa mazoea. Havikuingia popote. Mfuko ulikuwa umegeuzwa nje, unaning'inia mweupe, mtupu. Akavuta ya pili, na koti, na gauni lenye kijifuko kidogo cha kifuani.

Yote ilikuwa imegeuzwa.

Akakaa chini kando ya beseni, akaanza kuirudisha ndani, mfuko mmoja mmoja.