Robo Saa ya Zena na Kibwana

Mimba ya pili ya Zena ilifika mwezi wa saba bila hata soksi moja ya mtoto kuingia katika nyumba yao ya Misugusugu. Mara ya kwanza walinunua kila kitu mapema, na mtoto akazaliwa amekufa. Kibwana alikwenda kumzika kwao Kisarawe wakati Zena yuko wodini, na tangu hapo hawakumtaja tena. Walikula, walisalimiana, walilala. Zena hakulia. Alikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi.

Kliniki, muuguzi Stellamaris, aliposoma kwenye kadi yake habari za mtoto wa kwanza, alimwambia aje na mumewe. Kibwana, aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Maili Moja, aliomba ruhusa kazini akaja. Muuguzi hakuwahutubia. Aliwapa zoezi: kila jioni, kwa robo saa, mmoja aseme yaliyo moyoni, mwenzake asikilize bila kujibu. Kesho wabadilishane.

Siku tano za mwanzo walizungumzia maji yaliyokatika na bati linalovuja. Siku ya sita ilikuwa zamu ya Kibwana. Alikaa mkekani akiangalia mikono yake.

"Zile Ijumaa ninazokuaga naenda kufunga mageti Kisarawe," alisema, "hakuna geti. Naenda kaburini. Nang'oa majani, nakaa, narudi. Sikukwambia, kwa sababu hukuwahi kuuliza nilimzika wapi."

Zena alitaka kujibu, akakumbuka haikuwa zamu yake. Kesho yake, ilipofika zamu yake, alisema neno moja tu.

"Nipeleke."

Walikwenda. Kaburi lilikuwa dogo kuliko alivyodhani, nyuma ya shamba la mihogo. Zena alisubiri machozi, hayakuja. Aliinama kwa shida na tumbo lake, akang'oa majani upande mmoja, mumewe upande wa pili, wakakutana katikati.

Baada ya miezi miwili alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nje ya wodi shangazi zake Kibwana walipiga vigelegele. Kibwana aliporuhusiwa kuingia, alimkuta mkewe amempakata mtoto huku anatazama dirishani.

"Sisikii kitu," Zena alimwambia. "Si furaha, si hofu."

"Hata mimi," alisema Kibwana.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaomba ampokee mtoto. Zena akamwonyesha namna ya kuitegemeza shingo ya mtoto.