Chuma Cheupe cha Mdachi

Andongwisye, mhunzi wa Ipyana, alikuwa na kiburi cha kazi, na kiburi chenyewe alikitolea jasho. Majembe yake yalilima mpunga hadi Bujonde. Ndiyo maana askari walipomletea mguu wa darubini ya kupimia ardhi, umepinda, hakukataa. Mwanawe Tuntufye alikuwa amefungwa kamba pale Mwaya pamoja na wapagazi wa vita, na afisa wa Kidachi aliahidi: mguu ukinyooka na kuwa imara, kijana atarudi nyumbani.

Chuma chenyewe kilikuwa cheupe, chepesi kama bua, wala hakikushika kutu. Wadachi nao hawaishiwi vituko! Andongwisye alikata kipande kidogo cha ncha yake akakitia motoni, akingoja kiwe chekundu kama chuma cha watu. Kikayeyuka kingali cheupe. Basi mguu wenyewe akautoa mapema, akaunyoosha kwa nyundo ya mti, akauzamisha majini. Maji yakalia, naye akashusha pumzi. Chuma hupata ugumu wake palepale majini. Hilo alilirithi kwa babu yake.

Afisa hakumpa hata muda wa kufuta jasho. Aliushika mguu, akaukunja, ukakunjika.

"Bwana anasema umeuharibu," askari akatafsiri. "Sasa ni ulimi wa ng'ombe."

Ni kweli ulikuwa laini. Siku ileile wapagazi wakavushwa mto Songwe. Tuntufye alipita na mzigo kichwani, akasema tu, "Ndaga, tata." Asante, baba. Asante ile ilimchoma mzee kuliko tusi.

Mguu ulitupwa. Andongwisye aliuokota, akaunyoosha kwa mikono, kwa uchungu tu, akauacha kibandani. Mwezi mpya ulipoandama alitaka kuukunja uwe kulabu. Ukakataa. Akaukandamiza kwa goti, ukakataa. Tangu siku ile haukuguswa na moto wala nyundo. Ulikuwa umekolea wenyewe, kama pombe iliyoachwa mtungini.

Alikimbia nao hadi Mwaya. "Ulitaka kungojwa tu!" alimlilia askari. "Mwambie bwana. Mwambie anirudishie mwanangu."

Afisa aliujaribu kwa nguvu zake zote, akacheka kwa furaha, akasema maneno mengi. Askari alitazama chini.

"Mzee, wapagazi wale waliisha kwa kuhara. Mwanao alikuwemo."

"Na bwana anasemaje?"

"Ana mguu mwingine umepinda. Anasema safari hii atangoja."