Kisanduku cha Nane

Bahasha ilimfikia ikiwa imefungwa, kama zilivyomfikia zote. Shangazi aliitoa mfukoni mwa aproni, akaifuta unyevu kwa kiganja, akaiweka mezani kwa adabu ya mtu anayemwandalia mgeni chakula.

"Mdogo wangu, wameniandikia tena hao watu wako," alisema, akavuta kiti.

Hao watu wake walikuwa mamlaka ya kodi. Na yeye alikuwa Bwana Bahasha, jina alilobandikwa na wenzake katika kiwanda kile cha kufua mashuka ya hospitali, kwa sababu kila Alhamisi, saa ya chakula, meza ya mwisho ya kantini iligeuka ofisi yake. Wote waliokuja nchini kutafuta maisha walimletea barua zao: za umeme, za shule, za bima, za mwenye nyumba. Hakuna aliyethubutu kuichana yake mwenyewe. Walishaamini, bila kuitisha kikao, kwamba barua ikifunguliwa na asiyeielewa huleta mkosi, na kwamba heri aifungue yeye aliyekaa miaka kumi na miwili na kuijua lugha ya wenyeji. Naye, tuseme ukweli, alilipenda jina lile. Siku nyingine alikuja kazini na fulana yoyote iliyokuwa karibu na mkono, lakini Alhamisi alivaa shati la kola.

Aliichana bahasha. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, na alipoufikia wa tatu kijasho chembamba kikamtoka, ingawa feni ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa chake. Barua ilisema kwamba mama huyu ameweka katika akiba yake ya uzeeni fedha nyingi kupita kiwango anachoruhusiwa, kwamba ile ziada hutozwa faini kila mwezi inapobaki humo, na kwamba miezi saba imekwisha kupita.

"Wanasemaje?" Shangazi aliuliza.

"Wanasema mchango wako umepokelewa. Wanakutakia heri."

Shangazi akacheka, akasema kumbe serikali ya huku ina adabu, ya kwao haikuwahi kumtakia mtu heri isipokuwa msimu wa kura. Akarudi kwenye meza ya kukunja mashuka akiwasimulia wenzake. Bwana Bahasha akabaki ameshika ile karatasi, na watu wanne waliokuwa wakingoja zamu yao wakadhani anaisoma tena.

Shangazi alikuwa amefika nchini miaka miwili tu iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Kila mtu kiwandani alimwita Shangazi, hata wazee kuliko yeye. Huko alikotoka alikuwa fundi wa nguo mwenye duka lake na cherehani tatu, akaviuza vyote ili amfuate binti yake wa pekee. Binti alimpokea kwa mikono miwili, lakini nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na Shangazi akalala sebuleni. Asubuhi wajukuu walikuja kutazama katuni, wakamkalia miguuni kama vile naye ni sehemu ya kochi. Aliwapenda hadi basi. Ila siku alipokuja na fedha za cherehani zake kuuliza habari za akiba, alisema jambo ambalo Bwana Bahasha hakulisahau. Alisema, "Sitaki kuzeekea kwenye kochi la binti yangu."

Alitaka kujua mtu aliyechelewa kuanza kazi anaruhusiwa kuweka kiasi gani. Bwana Bahasha akamtajia kiwango papo hapo, naye akaziweka zote. Jibu alilipata kwa msimamizi wao, mzaliwa wa pale, aliyewahi kumweleza huku akitafuna mkate wake kwamba serikali humpa kila mtu kiwango cha mchango kila mwaka tangu anapotimiza miaka kumi na minane, na asichokitumia humsubiri. Ilikuwa kweli, kwa msimamizi. Aliyetoka nje huanza kuhesabiwa mwaka anaotia mguu nchini, na miaka yote ambayo Shangazi aliinamia cherehani haikuwamo katika hesabu ya mtu. Bwana Bahasha hakulijua hilo kwa sababu moja ya aibu: akiba yake mwenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuwahi kuwa na haja ya kuuliza mwisho ni wapi.

Lakini kutojua siko kulikomsuta. Kilichomsuta ni kisanduku cha nane. Siku ile, akimjazia fomu ya akiba, alikutana na swali: uliingia nchini mwaka gani? Chini yake palikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba aliyeingia akiwa mtu mzima aangalie ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili hawakuwa nao. Angeweza kusema sijui, nipe siku mbili niulize, na neno hilo halikuwahi kumtoka pale mezani kwa miaka yote aliyoketi. Nyuma ya Shangazi walikuwapo watu watano wakimtazama. Akaruka hadi kisanduku cha tisa.

Shangazi hakuijua lugha ile, ila alikuwa na jicho la fundi. "Hapa mbona umepaacha wazi?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya kisanduku.

"Hapo hapatuhusu," alimjibu.

Baada ya barua ile Bwana Bahasha akawa mwema kupita kiasi. Mifuko ya mashuka mabichi iliyopangiwa Shangazi aliibeba yeye. Alimnunulia chai. Alimwachia kiti chake cha dirishani, mbali na joto la mashine ya kupasi, mpaka Shangazi akamuuliza kama anagombea udiwani. Alicheka naye. Nyumbani chakula hakikushuka. Mkewe alimtazama akizungusha kijiko siku ya kwanza, ya pili, na siku ya tatu akaikamata sahani akasema haiachii mpaka aambiwe. Alipoambiwa, alimwambia aende kwa Shangazi kesho yake. Yeye akajitetea kwamba anaweza kuilipa faini mwenyewe, kimyakimya, kidogokidogo.

"Kwa mshahara upi?" mkewe aliuliza. "Huu tunaoufahamu?"

Siku yake ya mapumziko Bwana Bahasha alikwenda mamlaka ya kodi. Karani wa dirisha la tatu, msichana mwenye miwani na sauti ya upole, alimweleza kwamba mwenye akiba atoe ziada yote, ajaze fomu mpya, na aombe msamaha wa faini kwa barua inayoeleza kosa lilivyotokea. Msamaha huenda ukatolewa, huenda usitolewe. Saini iwe ya mwenyewe. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, ni nani aliyemshauri mama wa watu vibaya namna ile.

"Jamaa yake mmoja," alisema Bwana Bahasha, akatazama viatu vyake.

Barua aliiandika yeye. Ndani yake aliweka sentensi inayosema nilipotoshwa na mtu niliyemwamini, akashangaa jinsi ilivyomtoka kwa urahisi katika lugha ya kigeni. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Shangazi angetia saini kama alivyotia siku zote, ziada ingetoka, faini ikisamehewa ingesamehewa, na yeye angebaki Bwana Bahasha. Alhamisi iliyofuata akavaa shati la kola, akamwita.

Shangazi alikuja akijifuta mikono. Hakuuliza ni karatasi gani. Alichukua kalamu, akaishika kama anavyoshika chaki ya kuchorea kitambaa, akainama.

"Wapi?" alisema.

Hilo tu. Ncha ya kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi pale Bwana Bahasha alipoona mkono wake mwenyewe umefunika mahali pa saini. Shangazi akainua macho. Nyuma yake walingoja watu watatu na bahasha zao, na mmoja wao alikuwa akimbembeleza mtoto mgongoni.

Akajikaza kisabuni, akasema. Alianza na msimamizi na mkate wake, akaona anamtafuta wa kumbebesha, akaacha. Akasema kiwango alichomtajia hakikuwa chake. Akasema kuna faini, na ni miezi minane sasa. Shangazi akataka kujua ni kiasi gani, akaambiwa. Midomo yake ikacheza kidogo, kama anapopima kitambaa kwa macho.

"Hiyo ni cherehani moja," alisema. "Ile ya miguu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ile barua ya kunitakia heri?"

"Ilisema haya haya."

Alitamani atukanwe. Angetukanwa mbele ya kantini nzima angeshusha pumzi, kwa kuwa matusi yana mwisho, na mtu aliyetukanwa anaweza hata kununa. Shangazi hakumtukana. Alivuta kiti, si kile cha mbele yake bali cha ubavuni, akaketi mahali ambapo karatasi zingewatazama wote wawili upande mmoja.

"Nisomee, Bwana Bahasha," alisema. Hakumwita mdogo wangu. "Zote. Na kila unachosoma, kiwekee kidole."

Akasoma. Aliisoma ile barua ya kwanza kama ilivyokuwa, kidole kikitambaa chini ya kila mstari. Wale waliokuwa wakingoja walisogea karibu, mmoja, halafu wa pili, wakitazama kidole. Akasoma barua ya kuomba msamaha. Alipofika kwenye mtu niliyemwamini, kidole kilisimama, na Shangazi akamsubiri bila kumsaidia hadi kikasogea. Mwisho akafungua fomu mpya, ambayo alikwishaijaza nyumbani. Kisanduku cha kwanza. Cha pili. Alipomaliza cha saba, kidole cha Shangazi kilitangulia chake.

"Na hapa? Umepaacha tena."

"Hapo nilitaka tujaze pamoja."

"Siku ile uliniambia hapatuhusu."

"Siku ile sikujua," alisema Bwana Bahasha. Akasema tena, kwa sauti iliyowafikia hata waliosimama. "Sikujua, na nikaona haya kusema."

Shangazi akakitazama kisanduku. Mashine kubwa ya kupasi ilisikika kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Wanauliza nini hapa?"

"Mwaka ulioingia nchini."

"Huo tu?"

"Huo tu."

Akainyosha fomu kwa kiganja, kama anavyonyosha shuka kabla ya kulikunja, akachukua kalamu na kuandika. Tarakimu zilikuwa nne, zimesimama sawasawa, za mtu aliyeandika vipimo vya viuno na mabega ya watu kwa miaka thelathini.