Uongo wa Mpimaji wa Maziwa

Trekta lilikuwa limekwisha kushuka kona ya pili ndipo mama mkwe alipokumbuka kwamba hakufunga mlango wa jikoni.

"Geuza," akamwamuru dereva.

"Mama, trekta lenye tela haligeuki hapa," alisema dereva, ambaye ni mwanawe kitinda mimba. "Na hao kuku wakiingia watakula nini? Jana ulituambia hakuna kitu."

"Niliwaambia nyinyi. Kuku hawakuwepo."

Mpimaji alikaa kwenye tela juu ya gunia la pumba, amelikumbatia daftari lililofungwa kwa nailoni kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Trekta ni la huyo dereva, shemeji yake, mama mkwe ni mama wa mumewe, lakini daftari lilikuwa lake yeye. Ndani mlikuwa na majina mia moja na kumi na mawili ya wakazi wa kilimani waliopinga makombora ya nyuklia kufukiwa chini ya malisho yao. Yalitakiwa mia moja. Yakifika ofisi ya wilaya kabla ya saa sita mchana, serikali ingelazimika kuitisha baraza la hadhara na kuwasikiliza. Yasipofika, wachimbaji wangeanza Jumatatu. Na shimo la kwanza lilikwisha kupimwa, likawekewa vigingi vyekundu uani kwake, kati ya choo na banda la ng'ombe.

Kazi yake ilikuwa kupima maziwa. Kila alfajiri watu walipanga madebe mbele ya kibanda cha ushirika, naye akatumbukiza kile kioo chembamba kinachoelea. Kikielea vizuri, lori linachukua. Kikizama, maziwa yametiwa maji, na mwenyewe anapata aibu ya mwaka mzima. Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuyaita mabaya mazuri, wala mazuri mabaya. Watu walikuwa na msemo wao: Mpimaji akikwambia umekufa, lala chini.

Ndiyo maana kazi ya kulipinga bomu ilimwangukia yeye. Afisa wa jeshi alipokuja na ramani yake, alieleza kwamba makombora yatalala kimya ardhini na huenda yasitumike kamwe.

"Kama hayatumiki, mnayaleta ya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Kumtisha adui, mama."

"Adui anajua yako hapa?"

"Ndiyo. Lazima ajue, ndipo aogope."

"Na siku asipoogopa, atapiga wapi?"

Afisa aliikunja ramani, akasema ana kikao kwingine. Tangu siku hiyo Mpimaji akawa anapima maziwa huku anasomesha watu. Alibandika karatasi kibandani: BOMU HALIKAMULIWI. Wiki sita alibembeleza. Huyu atasaini akishavuna, yule akirudi msibani, mwingine mpaka amuulize mkewe, na mke naye mpaka amuulize mume.

Ofisi ya wilaya ilikuwa chumba cha meza mbili na feni isiyozunguka. Karani, bwana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwamkia mama mkwe shikamoo, akapokea daftari, akalowesha kidole, akaanza kusoma.

"Mkaidi?"

"Ni mimi," alisema Mpimaji.

"Kidoti?"

"Wangu huyo," alisema mama mkwe.

Karani akainua macho. "Wako, au wewe?"

"Wangu. Ana mimba ya miezi saba."

Kidole cha karani kikashuka polepole. "Pembe Moja. Bibi Harusi. Mla Nguo." Akaweka kalamu mezani. "Mama, hawa ni ng'ombe."

Nao walikuwa ng'ombe kweli. Kilimani karibu wote ni uzao wa babu mmoja, na wanarithishana majina matatu tu, basi ushirika ulipoanza madebe yalichanganyika wiki ya kwanza hadi watu wakashikana mashati. Ikakubaliwa kila mmoja aandikwe kwa jina la ng'ombe wake. Miaka kumi na sita wamesaini hivyo. Daftari la bomu nalo lilipowekwa kwenye meza ileile, kando ya kalamu ileile iliyofungwa kamba, kila mkono uliandika ulichozoea. Mpimaji aliisoma orodha mara tatu, akaiona kila sura, asione kosa hata moja.

"Sheria inasema mkazi," alisema karani.

"Kidoti kazaliwa palepale. Wewe umezaliwa hapa?"

"Mama, mimi sibishani na ng'ombe."

"Bahati yako. Ungeshindwa."

Karani alikohoa kuficha kicheko. Hakuwa mtu mbaya. "Kila mwenye ng'ombe aje aandike jina lake mwenyewe mbele yangu. Saa sita nafunga kitabu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Kutoka kilimani ni mwendo wa saa nzima.

"Wapigie simu waje," alisema shemeji yake walipotoka barazani.

"Waje kwa lipi? Nikisema majina yana kasoro, wataniambia kesho. Wiki sita, shemeji! Hata kalamu nilikuwa nawashikia."

Akaketi kwenye ngazi. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo watu wa kilimani hawakuliahirisha. Maziwa yakikataliwa kiwandani mjini, kila mwenye debe sharti afike huko mwenyewe kabla ya adhuhuri, debe lake lipimwe tena mbele ya macho yake. Asiyefika huhesabiwa kuwa ndiye aliyetia maji. Ilitokea mara moja, miaka tisa nyuma, wakaja hata waliotembea kwa magongo.

Akaitoa simu, akairudisha mfukoni. Mama mkwe akaliona hilo.

"Unawaza nini, mwanangu?"

"Nataka kusema uongo, mama."

"Mkubwa?"

"Wa maziwa."

Mama mkwe aliketi ngazini kando yake. Kisha akasema, "Huo ukishatoka, hutashika tena kile kioo. Unajua?"

"Najua."

"Basi useme kwa sauti. Uongo wa kunong'ona ni hasara tupu."

Mpimaji akampigia fundi baiskeli, ambaye duka lake liko ubavuni mwa kibanda na ndiye mtunza kipaza sauti cha kijiji. "Tangaza. Maziwa ya leo yote yamekataliwa. Kila mtu afike ofisi ya wilaya kabla ya saa sita."

"Ofisi ya wilaya? Si kiwandani?"

"Ofisi ya wilaya."

"Kumbe wametushtaki!" Na kabla hajajibiwa, kipaza sauti kikaanza kukoroma.

Bomu la kuangamiza dunia liliwatoa watu majumbani kwa wiki sita, mmoja mmoja, wakipiga miayo. Maziwa yaliwatoa kwa dakika kumi. Walikuja kwa matrekta, kwa baiskeli, kwa pikipiki moja watu wanne. Mama mmoja alivaa buti mguu huu na kandambili mguu ule. Bwana mmoja alikuja na povu la sabuni kwenye shavu la kushoto, wembe bado mkononi. Ilipofika saa tano na ushei uwanja ulifurika.

"Nani kasema yangu yana maji? Atoke nje!"

"Mikono hii ndiyo iliyokamua! Hii!"

Mpimaji akapanda kwenye tela.

"Maziwa yenu ni mazuri," alisema. "Hayajakataliwa. Nimewadanganya."

Yule bwana mwenye povu akaushusha wembe.

"Kilichokataliwa ni majina. Mmeandika ng'ombe. Hata mimi nimeandika ng'ombe. Ingieni mkaandike watu, zimebaki dakika arobaini."

"Yaani nimeacha shavu zima kwa ajili ya sahihi?" alifoka mwenye povu.

"Ingia usaini," mama mkwe akamjibu, "ili upate siku ya kulimalizia."

Baadhi walicheka. Wengine hawakucheka. Mjane mmoja, aliyemsaidia Mpimaji kuosha vyombo vya kibandani miaka yote ile, alipita mbele yake bila kumtazama. Lakini walipanga mstari kama wanavyopanga alfajiri, kwa zamu zilezile na kwa viwiko vilevile. Saa sita kasoro dakika nane karani alikuwa na majina mia moja na kumi na moja ya binadamu.

Alikosekana mmoja tu: mwenyekiti wa ushirika, ambaye debe lake halikupimwa miaka nenda miaka rudi, kwa heshima ya kiti.

"Labda hakusikia," alisema shemeji.

"Nimetangaza dirishani kwake mara mbili," alisema fundi baiskeli. "Akafunga dirisha."

Watu walitazamana. Kicheko kilichofuata kilimtoa karani nje akidhani kuna moto.

Baraza lilifanyika, mara tatu. Makombora hayakuletwa kilimani. Yalipangiwa mahali pengine, na watu wa huko walimwita Mpimaji awafunze kukataa, akakaa nao miezi miwili. Ushirika ulimpigia makofi kwa kuokoa malisho, kisha siku hiyohiyo ukamwondoa kazini kwa mikono tisini na minne, mmojawapo ukiwa wake mwenyewe. Wa mama mkwe haukuinuliwa. Kazi alipewa yule mjane, na siku ya kwanza alipima debe la mwenyekiti. Mwenyekiti alijiuzulu, siku hizi anafuga nyuki. Karani alihamishwa. Dereva alioa. Kidoti alizaa dume. Mama mkwe alifariki miaka minne baadaye, usingizini. Mpimaji anauza mbegu za majani ya ng'ombe kwa kilo. Watu hununua kwake, na kila mmoja hupima tena akifika nyumbani.