Chura wa Mgeni Rasmi

Mtunza vyura alikuwa amebakiwa na vyura kumi na mmoja, na duniani kote hapakuwa na wengine wa aina yao. Waliishi kwenye tangi la kioo, chumba cha nyuma ya stoo, mashine ikiwapulizia ukungu kutwa kucha ili wajione bado wako msituni, kule juu mlimani kwenye mawingu. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Siku moja kabla ya ziara ya mgeni rasmi, mkurugenzi wa mradi alikuja kukagua. Akachungulia kioo, akavua miwani, akachungulia tena.

"Wako wapi?"

"Hao hapo kwenye jani, bosi."

"Hawa?" Alikuwa na uso wa mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Mama, mgeni rasmi anakuja kumshika chura apigwe picha. Huyu hata kamera haimwoni. Nitafutie mkubwa."

"Hao ndio watu wazima. Na wakishikwashikwa wanakufa."

"Hayo sitaki kujua. Kesho nataka chura anayeonekana, la sivyo nakuja kuwachukua hao mwenyewe."

Mama wa watu angefanya nini? Alichukua ndoo, akaenda kwenye mtaro wa maji machafu, akaopoa chura wa kawaida kabisa, mnene, chunusi mwili mzima. Akamsugua kwa maji safi. Roho ilimsuta, lakini vyura wake walikuwa salama.

Kesho yake mgeni rasmi alimnyanyua yule chura mbele ya kamera. Chura akamkojolea kiganjani, watu wakapiga makofi. Wataalamu watatu, wenye shahada zao ukutani, walikodoa macho na kukaa kimya kama maji ya mtungi.

"Kiumbe adimu!" alitangaza mgeni rasmi.

Akielekea kwenye gari, akapita kando ya mtaro. Akaona mmoja. Akaona wengine saba.

"Kumbe wamejaa hivi?"

Mkurugenzi alidakia. "Ndiyo, mheshimiwa. Ni matunda ya mradi wetu."

Baada ya wiki mbili barua ikafika kutoka ofisini kwa mgeni rasmi. Kwa kuwa chura ameongezeka, msitu uliokatazwa kukatwa kwa ajili yake hauhitaji tena ulinzi. Jumatatu misumeno itaingia. Walio kwenye tangi waachiliwe huko huko Ijumaa.

Mtunza vyura aliingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. "Bosi, yule alikuwa chura wa mtaroni!"

"Kwani mimi sina macho?" Mkurugenzi alifuta vumbi kwenye tuzo yake mpya. "Sasa nani amwambie mkubwa kwamba alipiga picha na chura wa maji machafu? Thubutu! Atakayesema hana kazi."

Mtunza vyura alirudi kwenye chumba chake. Wale kumi na mmoja walikuwa kwenye jani lao, hawana habari. Akavuta karatasi, akaandika: "Mheshimiwa, chura uliyemshika si yeye. Niliyekudanganya ni mimi." Akaweka jina lake lote, na sahihi.