Kazi ya Mwenzako

Kwenye kile kituo cha utafiti kulikuwa na sheria moja iliyowatoa jasho wageni wote. Kila Jumatatu, mezani, mtu haelezi kazi yake. Anaeleza ya mwenzake. Usipoielewa utaumbuka mbele ya watu, kwa hiyo wiki nzima unamganda mwenzako kama kupe. Mtaalamu wa mbu, waliyemwita Mama Mbu, alipangiwa udongo. Mtaalamu wa udongo, jina lake la utani Tope, alipangiwa mbu. Wakazoeana kwa kugombana, na katikati ya ugomvi ndipo walipogundua kwa nini mbu hutaga kwenye dimbwi hili na kulipita lile. Sababu ilikuwa kwenye udongo wa chini. Hakuna kati yao ambaye angeiona akiwa peke yake.

Kisha wafadhili wakaja kukagua, na kwa bahati mbaya wakaja Jumatatu. Wakamuuliza Mama Mbu anafanya kazi gani, naye kwa mazoea akawamwagia habari za udongo. Tope akaeleza mbu. Daktari wa watoto akaeleza hesabu, tena kwa mbwembwe. Wageni wakatazamana, wakaondoka wakiamini kwamba pale hakuna anayeijua kazi yake. Ufadhili ukakatwa, na kila mtu akarudi kwa watu wa fani yake.

Sasa Mama Mbu alikuwa na ofisi safi kwenye taasisi ya wadudu, na kila mlango wa korido yao ulikuwa wa mtu wa mbu. Hakuna aliyemuuliza maswali ya kijinga. Alikuwa na hamu na maswali ya kijinga. Alitamani kuona sakafu yake imechafuliwa na viatu vya Tope.

"Si useme tu unampenda," dada yake alimwambia kwenye simu.

"Dada, nazungumzia utafiti."

"Haya, utafiti," dada yake akaguna.

Ndipo baraza la wafadhili likapata mwenyekiti mpya, mama asiyependa maneno mengi, naye akawaita Mama Mbu na Tope. Wakimridhisha, kituo kitafunguliwa tena. Wasipomridhisha, faili linafungwa moja kwa moja. Mama Mbu akajiapiza kwamba safari hii atasema mbu, mbu, na mbu tena.

Akasema mbu. Alisema vizuri, bila kukosea. Tope, aliyeketi mwisho wa meza akiwa ameongeza mvi, hakumtazama usoni.

"Kazi yako inakwenda vizuri," mwenyekiti akasema. "Sasa kituo unakitaka cha nini?"

Mama Mbu akasahau kiapo chake. Akaanza kueleza udongo: ule mweusi unaoshika maji, ule mwekundu unaoyameza, na jaribio ambalo Tope alikuwa ameanza kwenye kingo za mto. Akafika hapo akanyamaza.

"Endelea," mwenyekiti akasema.

"Siwezi, Mheshimiwa. Niliishia hapo. Yaliyofuata siyajui." Akaonyesha mwisho wa meza. "Zamani ningeyajua kabla Tope hajanawa mikono. Nimeikumbuka mno meza yetu ya Jumatatu."

Mwenyekiti akaandika kitu, akasema jibu watapewa, akawaruhusu watoke.

Kwenye benchi la nje walikaa kama watu walioachana. Mama Mbu alijua ameharibu tena, tena kwa kosa lilelile. Tope akakohoa.

"Lile jaribio lilikufa," akasema. "Ule udongo ulikauka, ukapasuka vipandevipande. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kama mbu wangeingia kwenye zile nyufa."

"Zilikuwa na upana gani?"

Tope akamwonyesha kwa vidole. Mama Mbu akavisogeza karibu zaidi, akabisha, Tope akabisha, na sauti zikapanda mpaka mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa anakwenda kunywa chai. Alisimama akawasikiliza, kikombe mkononi, kisha akavuta kiti kutoka ndani akaketi mbele yao.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyo mbu anajuaje kwamba chini ya ufa kuna unyevu?"

Mama Mbu alikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na ndilo lililomlipia mshahara miaka yote hii. Lakini swali lilikuwa la mbu, na ilikuwa kama wako mezani tena siku ya Jumatatu, ambapo mbu alikuwa wa Tope. Akafumba mdomo, akamgeukia Tope, akamngoja aeleze.