Mlima Nyuma ya Robine

Siku Joyeuse alipotambua kwamba ni maji yaliyokuwa yakimfukuza baba mkwe wake chumbani, ilikuwa mchana kweupe na yeye alikuwa bafuni akijaza ndoo ya kufulia. Ndoo ilipojaa aliifunga robine ya maji haraka, kama alivyofanya kila siku tangu wahamie nyumba hiyo. Bomba likagonga: paa! Kisha pa-pa-pa-pa, likipanda ukutani mpaka darini. Kelele hiyo alikwisha kuizoea hata masikio yake hayakuishughulikia tena. Lakini mara hii, upande wa pili wa ukuta, kitu kizito kilianguka, na mtoto akalia.

Alikuwa Jemima, binti yake wa miaka minne. Joyeuse alikimbia hadi mlango wa chumba cha mzee, akasimama hapo hapo. Kwao, mke wa mwana haingii hovyo mahali anapolala baba wa mume wake, na miguu yake iliijua heshima hiyo hata pale moyo ulipokuwa unataka kuingia. Mlango ulikuwa wazi nusu. Papa Lusenge alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, amemfunika mtoto kwa mwili wake wote, viganja vyake juu ya kichwa kile kidogo.

"Sokulu, unaniumiza," Jemima alimlilia babu yake.

"Nyamaza," mzee alinong'ona. "Nyamaza, mwana. Batapita."

Joyeuse aliegemea ukuta wa korido. Miezi mitatu mzee huyo alikuwa kwao Butembo, na miezi mitatu hawakuwa wameelewa kitu.

Alikuwa ametoka Kanyabayonga, vita ilipofika huko. Miaka thelathini na minane alikuwa amefundisha kwaya katika kanisa lao la Kiprotestanti, na alifika kwa mwanawe akiwa na koti moja, mfuko wa plastiki na miguu iliyovimba. Muyisa, mwanawe, alimpa chumba kizuri kuliko vyote, kile kilichopakana na bafu, ili asitembee mbali. Kitanda kilikuwa kipya. Lakini kila asubuhi walimkuta mzee jikoni, amelala ameketi kwenye kiti cha mbao, kichwa kimeangukia kifua. Ukimwuliza alijibu kwa upole: "Niko muzuri. Huku kuna moto kidogo." Muyisa alianza kusema kwamba akili ya papa inachoka, na kwamba itabidi wamwone munganga.

Jioni hiyo Joyeuse alimsimulia mumewe alichokiona. Bafu la ndani lilikuwa fahari yake. Alilijenga mwenyewe kidogo kidogo, kwa faida ya duka lake la vitenge.

"Donc ni robine?" aliuliza. "Ni robine yangu ndiyo inafanya papa anafikiria banapiga masasi ya bunduki?"

Kesho yake alimleta Gamaliel, fundi aliyeyaweka mabomba hayo. Gamaliel alifungua robine, akaifunga, akasikiliza mlio, akatikisa mabega.

"Maji iko na nguvu, itapiga tu kelele. Mutazoea."

Basi Joyeuse akaifunga ile robine kwa kitambaa, wakaahidiana kuoga kwa maji ya jerikani kutoka uani. Hata hivyo mtu hubadilika polepole kuliko anavyoahidi. Muyisa, akiwa na haraka ya dukani, aliisahau ahadi, akaifungua robine mara mbili katika juma moja. Mara zote mbili uji wa mzee ulimwagika mezani.

Mwezi huo Jokébed, mdogo wake Joyeuse, alijifungua huko Beni. Joyeuse alienda kumpongeza, akafika mtaa wao wa Bungulu adhuhuri, amejaa vumbi la njia tangu nywele hadi visigino. Jokébed alimwonyesha dada yake kitanda. "Lala kidogo, yaya. Mimi naosha batoto."

Joyeuse akalala. Nyuma ya kichwa chake, ukutani, alisikia watoto wakicheka na vikombe vikigongana. Baada ya muda akaita: "Jokébed! Munabaosha na nini? Maji imekatika?"

"Maji ya kukatika namna gani? Iko inaanguka hapa!"

Aliinuka, akafungua mlango wa bafu. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye bomba, mengi, meupe kwa kasi. Jokébed akaifunga robine kwa pigo moja la kiganja, na hakuna kilichogonga. Joyeuse aliona vinyweleo vya mikono yake vikisimama. Akaifungua mwenyewe, akaifunga. Akarudia mara ya tatu, akiwa ameuweka mkono wake mwingine ukutani, na ukuta ulikuwa umetulia kama ukuta wa kanisa siku ya Jumapili.

"Nani alifanya hii?" aliuliza.

Ndivyo alivyomjua Débora. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi kiwanja cha tatu kutoka hapo, mjane, mabega mapana, amejifunza ufundi wa mabomba kwa marehemu mume wake na kisha akampita. Alimsikiliza Joyeuse mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliposikia habari ya mzee na mtoto sakafuni, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Nyumba yenu iko juu ama chini ya mulima?"

"Chini. Chini kabisa."

"Na maji inatokea wapi?"

"Juu. Kuna tanki kubwa kule kwa source ya maji."

Débora aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jina la ndugu yake. "Siku ya tatu nitakuja," alisema.

Alikuja kweli hadi Butembo, kwa gari la asubuhi, na mfuko wa vyuma uliomwinamisha bega. Kitu cha kwanza hakuingia hata bafuni. Alimshika Joyeuse mkono, akamsimamisha uani, akamwelekeza kilimani. Juu kabisa, kati ya miti ya mikaratusi, tanki la saruji lilionekana dogo kama kibiriti.

"Kutoka kule mpaka hapa, ndani ya tiyo, hii bomba, maji haikatike. Iko kamba moja tu. Wewe ukifungua robine, kamba yote inatembea. Ukifunga mbio, yote inasimama mara moja. Sasa ile nguvu yote iende wapi? Inapiga, mama. Inapiga fasi yoyote inapata."

Joyeuse aliutazama mteremko ule: mashamba ya maharagwe, mabati ya watu, njia ya mbuzi, makaburi, halafu miti, halafu lile tanki. Siku zote alidhani kwamba akifunga robine anazuia maji ya ndoo. Kumbe kila asubuhi, kwa vidole viwili vyenye sabuni, alikuwa akiusimamisha mlima mzima ghafla, na mlima ukigonga mlango wa mzee.

"Mungu wangu," alisema. "Na nyumba haijaanguka?"

Débora alicheka. "Nyumba iko nguvu. Mais masikio ya mutu, hapana."

Akaanza kazi. Robine ile ya kisasa, inayofungwa kwa kuzungusha mara moja, aliiondoa, akaweka ya zamani inayofungwa kwa kuzungusha pole pole. Karibu nayo aliunganisha bomba fupi lililosimama wima, limezibwa juu, ndani hewa tupu. "Hii ni mutego wa maji," alieleza. "Ikikuja na hasira, inapata hewa hapa, inaikandamiza kama muto, inatulia." Kisha alibomoa saruji iliyokuwa imelibana bomba pale lilipopenya ukuta, akaizungushia nafasi ile mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Kila pete ya chuma iliyoshika bomba aliifungua, akaivisha mpira, akairudisha. Saa zilipita. Muyisa alifunga duka akaja kutazama, akajikuta ameshika nyundo.

Walipojaribu, pigo kubwa lilikuwa limekwisha. Lakini kulibaki mtetemo mwembamba, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo, na ulitoka mahali fulani juu ya chumba cha mzee. Débora aliweka ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini sikioni, akasikiliza hapa, akasikiliza pale. Jasho lilimtiririka.

"Inanificha," alikubali. "Kuna fasi moja tiyo inagusa dari, mais siyione."

Papa Lusenge alikuwa uani muda wote huo, kwenye kiti chake, mgongo kwa nyumba. Sasa alisimama. Alipita korido akishika ukuta, akaingia bafuni, na kutoka mfuko wa ndani wa koti lake akatoa kichuma cha matawi mawili, kimeng'aa kwa kushikwa: diapazoni, ile ambayo mwalimu wa kwaya huigonga ili waimbaji wapate sauti ya kuanzia. Muyisa alifungua mdomo. Hakujua kwamba baba yake alikuwa ameiokoa.

Mzee aliigonga kwenye goti, akaliweka shina lake juu ya robine.

Na dari ya chumbani ikaimba.

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti moja, nyembamba, safi, iliyojaa chumba kizima upande wa pili wa ukuta, kana kwamba mtu aliyesimama juu ya triplex, zile mbao nyembamba za dari, alikuwa amefumba mdomo na kuvuma. Joyeuse aliisikia kutoka koridoni, akashika shavu lake. Kichuma kirefu kama kidole kilikuwa kimeguswa bafuni, na mbao za chumba kingine zilikuwa zinajibu.

"Ni la, sauti ya kuanzia," mzee alisema. Halafu, bila kugeuka: "Binti yangu, ingia chumba yangu. Uniambie inaimba fasi gani."

Joyeuse alisita kizingitini. Alimtazama Muyisa, na Muyisa akainamisha kichwa kumruhusu.

"Ingia," mzee alirudia. "Mimi ndiyo nakuambia."

Akaingia kwa mara ya kwanza. Shuka ya kitanda ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Alisimama katikati, akainua uso, na mzee akaanza kuipeleka diapazoni kutoka sehemu hadi sehemu ya bomba, akigonga, akiweka, akigonga, akiweka. Débora alikuwa juu ya meza, sikio karibu na triplex.

"Huku kidogo," Joyeuse aliita. "Huku kidogo tena. Papa, hapa! Hapa inalia sana!"

"Inalia moja ama mbili?"

Alifumba macho. Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo maishani. Alisikiliza, na chini ya ile sauti safi akaikuta nyingine, kavu, inayokwaruza.

"Mbili!"

"Ile ya pili ni musumari," mzee alisema. "Chuma na chuma zinagusana."

Débora akainua ubao wa triplex mahali pale, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa. Akatoa mkono polepole akiwa ameshika msumari mrefu uliopinda, uliokuwa umelala juu ya bomba tangu siku dari ilipogongwa. Aliutazama, kisha akamtazama mzee aliyekuja mlangoni.

"Miaka kumi na saba niko kwa hii kazi," alisema. "Nilikuwa nafikiria najua kusikia."

Alifunga mpira mahali hapo. Papa Lusenge akarudi bafuni, akaigonga diapazoni mara ya mwisho, akaiweka juu ya robine. Wote walisubiri: Muyisa na nyundo yake, Débora juu ya meza, Joyeuse katikati ya chumba na Jemima aliyekuwa amemshika sketi. Triplex haikusema kitu. Huko bafuni kichuma kilikuwa bado kinatetemeka mkononi mwa mzee. Muyisa, aliyekuwa kando yake, aliona matawi yake yakiwa kama ukungu. Sauti iliishia humo humo.

Mzee aliifungua robine mpaka mwisho. Maji yakamwagika. Aliyaangalia, halafu akafunga. Kilichosikika ni pumzi tu, kama ya mtu aliyetua mzigo.

Akafungua tena, akafunga. Mara ya nne alianza kucheka bila sauti, machozi yakimshuka ndani ya ndevu.

Débora aliondoka na gari la saa tisa, akiwa amekula fufu na samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge, ambao Joyeuse alimwekea wawili badala ya mmoja. Kesho yake uji wa mzee ulipoa mezani, wakaupasha moto, ukapoa tena. Saa nne za asubuhi alitoka chumbani, shavu moja lina alama za mto, akaomba radhi kama mtoto aliyechelewa shuleni.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, walikuwa uani wakitoa maganda ya maharagwe, wakati Papa Lusenge alipoanza kuzungumza mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema kwamba siku ile huko Kanyabayonga kwaya ilikuwa katika mazoezi. Walisikia mlio wa kwanza mbali, na yeye aliwaambia ni mvua inakuja, waendelee. Waliendelea beti mbili nzima kwa sababu walimwamini. Kisha kila mmoja alikimbilia upande wake, na tangu hapo hakuwa na habari zao.

"Nilibaambia ni mvua," alirudia.

Muyisa aliweka sahani chini. Joyeuse aliufuta mkono wake kwenye kitenge, akaingia ndani, akarudi na daftari la shule na kalamu.

"Papa," alisema, "batu ya Kanyabayonga iko mingi hapa Butembo, na Lubero, na Beni. Utuambie majina, tubatafute. Tuanze na basoprano."

Mzee alivuta kiti chake karibu na daftari. Kisha akaanza: Elsa. Kahongya, mke wa fundi cherehani. Vagheni, ambaye hakuwa soprano lakini alikataa kuondoka safu ile. Joyeuse aliandika, na Muyisa alikwisha kutoa simu yake mfukoni, akimpigia mtu wa kwanza wa Kanyabayonga aliyemjua.